Mbwa wa Bwana Mita

Kila asubuhi Bwana Mita alijidunga dawa yake ya kisukari, akanywa chai na mkate, akavaa kofia na kwenda kazini. Geti alilifunga kwa kufuli mbili.

Jina hilo alipewa mjini alikotoka. Kwa miaka thelathini na moja alipita nyumba kwa nyumba kusoma mita za maji. Ilipobaki miaka miwili astaafu, aliomba uhamisho aje kukaa ofisini kwenye mji huu mdogo, wenye barabara moja ya lami na zahanati moja.

"Nataka nistaafu nikiwa nimeshazoea," alimwambia mkewe. "Kustaafu leo na kuhama kesho ni kujitafutia presha."

Hapo alisema kweli. Lakini siku ya kwanza, kabla hata vitanda havijafungwa, alipigilia kibao getini: MBWA MKALI.

"Mbwa hatuna," mkewe alisema.

"Wa nini? Mimi nimefukuzwa na vibao hivi maisha yangu yote. Kibao hakili, hakiugui, na kazi kinaifanya vilevile."

Mke alikuwa fundi wa sweta. Aliweka mashine yake dirishani, akafuma. Miezi minne ikapita. Hakuna aliyepiga hodi. Mwanzoni aliufurahia utulivu. Kisha akaanza kuongea na mashine.

"Watu wa hapa wana roho ngumu," alimlalamikia mumewe. "Hata salamu?"

"Waache. Si ndiyo amani tuliyoitaka?"

Jumamosi moja Bwana Mita alijidunga dawa kama kawaida. Kabla ya kunywa chai, aliona bomba la bustani linavuja.

"Dakika mbili tu," alisema, akachukua jembe.

Nusu saa baadaye mkewe alitoka kumwita. Mumewe alikuwa ameketi kwenye tope, jasho linamchuruzika, mikono inatetemeka. Macho yalimtazama bila kumwona.

"Baba watoto! Una nini?"

"Sifuri, sifuri, nne, saba," Bwana Mita alijibu. Alikuwa anasoma mita isiyokuwepo.

Mke alikimbia getini. Funguo! Hakujua ziko wapi. Akapiga mayowe mpaka sauti ikakwaruza. Alichungulia kwenye tundu la geti. Watu kama wanane walikuwa ng'ambo ya barabara, wamesimama kama picha ukutani. Hakuna aliyesogea.

"Nisaidieni! Mume wangu anakufa!"

"Mfunge mbwa kwanza, mama!" mwanamume mmoja alipaza sauti. Alikuwa kinyozi wa duka la mbele, mkasi bado mkononi.

"Hakuna mbwa!"

"Kibao kinasema yupo!"

"Ni kibao tu! Hatujawahi kuwa na mbwa!"

Watu walitazamana. Ndipo sauti ya mwanamke ikatoka karibu kabisa na ukuta.

"Mama, mimi ni mhudumu wa afya. Mumeo ana ugonjwa wowote?"

"Kisukari! Amejidunga dawa!"

"Amekula?"

"Bado!"

"Anaongea? Anaweza kumeza?"

"Anaongea, lakini upuuzi!"

"Sukari yake imeshuka. Koroga vijiko vitatu vya sukari kwenye maji, anywe polepole. Akizimia, usimtie kitu mdomoni. Kimbia!"

Mke alikimbia. Aliporudi na glasi, mkoba uliruka juu ya ukuta ukaanguka puu. Ukafuatwa na miguu miwili, kisha mwanamke mzima, amechanika sketi. Jambo la kwanza alilofanya ni kugeuka huku na huku kumtafuta mbwa.

Baada ya robo saa Bwana Mita alikuwa anatafuna mkate.

"Huyu ni nani?" aliuliza. "Kapita wapi?"

"Ukutani, mzee," mhudumu alijibu. "Mlango uliufunga mwenyewe. Ukimaliza mkate twende zahanati wakupime."

Funguo zilikuwa mfukoni mwa Bwana Mita muda wote. Geti lilipofunguliwa, kinyozi aliingia taratibu, ametanguliza mguu mmoja.

"Kumbe kweli hayupo! Miezi minne hatujamsikia akibweka. Tukasema huyo lazima ni mbaya kupita kiasi."

"Na nyinyi mna roho ngumu kupita kiasi," mke alisema. "Miezi minne hata hodi!"

Mhudumu alifungua daftari lake. "Soma hapa, mama. Nyumba ya geti jekundu. Nimekuja mara tatu kuwaandikisha zahanati. Mara zote nimeandika neno moja: mbwa."

"Na sisi tulikuja watu sita, wiki ileile mliyohamia," kinyozi aliongeza. "Tuwakaribishe. Tukasoma kibao, tukarudi na ndizi zetu."

Mke alikaa chini palepale. Walikuja! Miezi minne amewasema vibaya watu waliokuwa wameshafika mlangoni kwake.

Mhudumu hakuwa mtu wa kupamba maneno. "Kuhama mapema mlitumia akili. Bado mna nguvu, mna muda wa kujuana na watu. Lakini mmehamisha vitanda na makabati tu. Nyinyi wenyewe hamjahamia."

"Sasa tufanyeje?" mke aliuliza.

"Mgeni ndiye anayetoka. Nenda kwa jirani wa kulia, wa kushoto na wa mbele. Sema wewe ni nani, unafanya nini. Mmoja wao ajue ugonjwa wa mzee na cha kufanya. Halafu tafuteni kitu kimoja cha kufanya na wenzenu. Kimoja tu, lakini msikose kwenda. Na ufunguo wa akiba ukae kwa mtu."

"Ufunguo?" Bwana Mita alishtuka kuliko aliposikia kwamba sukari yake ilishuka. "Nimpe mtu nisiyemjua?"

"Usimpe leo. Kwanza mjue. Nywele unanyoa wapi?"

"Nyumbani, kwa kioo."

"Inaonekana," kinyozi alisema.

Kwa mara ya kwanza tangu asubuhi, mke alicheka.

Jumatatu Bwana Mita alikaa kwenye kiti cha kinyozi. Jumatano mkewe alibeba nyuzi zake akaenda kwenye kikundi cha washonaji. Siku hiyo ilikuwa ngumu. Watu walinyamaza alipoingia, kisha mmoja akauliza, "Wewe ndiye wa mbwa?" Alitamani ardhi ipasuke. Lakini aliketi, na Jumatano iliyofuata akarudi. Mwezi wa pili walikuwa wanagombea kukaa karibu naye wajifunze kufuma kola.

Ufunguo ulichukua miezi mitatu. Bwana Mita alimkabidhi kinyozi kama mtu anayeng'olewa jino.

Siku moja mke alisafiri kwenda kumwona binti yao. Asubuhi ya pili simu yake iliita, namba ya mumewe. Sauti haikuwa ya mumewe.

"Shemeji, usishtuke," kinyozi alisema.

"Nimeshashtuka! Yuko wapi?"

"Yuko hapa, anakula mkate wangu. Saa moja hakupita kunisalimia kama kila siku, nikaona si bure. Nimemkuta kitandani jasho linamtoka, anahangaika na kifungo cha shati. Nimempa sukari kama tulivyoelezwa. Mhudumu naye amefika, anampeleka zahanati."

Mke akauliza, "Uliingiaje?"

"Mlangoni, kama mtu."

Aliporudi, alikuta kuna familia mpya imehamia nyumba ya pili. Yeye na mumewe walikuwa wa kwanza kwenda kuwapigia hodi. Kesho yake mama wa familia hiyo alikuja, akasimama getini. Kibao hakikuwepo, lakini alama yake ilibaki kwenye rangi, na habari za mbwa alishazisikia mtaani.

"Hodi! Mbwa mmemfunga?"

"Karibu ndani, mama," Bwana Mita alisema, akifungua geti wazi. "Mbwa amestaafu. Ametutangulia."