Midomo ya Shafiq

Siku ile mpumbavu alikuwa mmoja tu, na tusipoteze muda kumtafuta: alikuwa Shafiq, mwenye miaka kumi na mitatu na ujanja mwingi kuliko uliohitajika.

Kila alasiri, akitoka shuleni, alipitia soko la Kimironko kumchukua baba yake, fundi Mutabazi. Zamani fundi huyu alishika vipimo vya wateja wake wote kichwani. Tangu pikipiki ilipomwangusha na ubongo ukaumia, hakukumbuka hata kama amekula. Cherehani yake ilifunikwa, naye alikaa kando akiwatungia wenzake uzi kwenye sindano.

Kliniki ilimwazima kifaa kidogo cha kubana sikioni, kinachopitisha umeme hafifu kwenye mshipa wa fahamu unaoelekea kwenye ubongo.

"Kinaamsha ubongo tu," alisema Ingabire, mtaalamu wa pale. "Kazi ya kujifunza upya ni yenu. Na siahidi kitu, bado tunakijaribu."

Kazi yenyewe ilikuwa kuangalia vipande vitano vya kitenge, kuvifunika, kisha kutaja rangi zake kwa mpangilio. Jioni baada ya jioni, mbele ya mafundi wenzake, kifaa kikiwa sikioni, Mutabazi alikwama kwenye cha pili, akafuta jasho. Shafiq aligeuza uso.

Siku ya kupimwa, Shafiq alisimama nyuma ya Ingabire. Sokoni, cherehani zinaponguruma zote pamoja, mafundi huongea kwa midomo bila sauti. Shafiq akafanya vivyo hivyo: njano... bluu... nyekundu... Baba yake akataja zote tano. Hakujua hata kwamba anasoma midomo; alidhani amekumbuka mwenyewe. Akacheka, kisha akalia.

"Hongera, mzee!" alisema Ingabire. "Basi anza kazi kidogokidogo. Kifaa kiacheni hapa, kuna mgonjwa mwingine anakisubiri."

Ile midomo hodari ya Shafiq ikagoma kufunguka.

Kesho yake Mutabazi alifunua cherehani. Mteja wake Béatha alileta kitenge cha gauni la bintiye, la kuvaa harusini. Fundi akakata mkono wa kushoto. Akasahau, akakata wa kushoto tena. Akasahau tena, akaendelea mpaka kitambaa kikaisha.

"Yewe, fundi!" Béatha alilia. "Mwanangu ana mikono mingapi?"

Hakuna aliyecheka, hata Shafiq, ambaye ndiyo kwanza amefika kutoka shuleni. Mutabazi aliitazama ile mikono mezani.

"Lakini jana nilikumbuka," alisema polepole. "Shafiq, jana si nilikumbuka?"

Shafiq alimshika mkono, wakaenda kliniki, akamwambia Ingabire yote, baba yake akisikia. Ingabire hakufoka. Alimtoa kijana nje, akapima upya: rangi mbili kati ya tano. Bahati kifaa kilikuwa bado pale. Yule mgonjwa mwingine akapewa zamu ya asubuhi, Mutabazi ya jioni. Cherehani ikafunikwa tena.

Njiani kurudi nyumbani Shafiq alijitetea. "Sikutaka uaibike, Baba."

"Ulinidanganya mimi, Shafiq. Nilidhani nimepona."

"Lakini ulikuwa unatoka jasho, watu wanakuangalia! Mtoto gani angekaa kimya?"

Mutabazi alisimama, akatafuta maneno kwa muda mrefu, kama mtu anayepapasa sindano sakafuni.

"Mimi nilikuwa na ugonjwa," alisema, "wewe ulikuwa na aibu. Ukatibu aibu yako."