Neno Lililomtoa Kifungo Shuleni

Kila asubuhi, kabla ya kwenda darasa la kwanza, Kifungo alikaa chini ya meza ya mama yake, fundi cherehani, akipanga vifungo kwa rangi. Ndipo alipopata jina hilo. Alikuwa mzito wa ulimi, lakini kwa kucheka, loo, hakuna aliyemweza! Dada yake wa darasa la sita alimfunga kamba za viatu, wakaondoka wakishikana mikono.

Siku moja shuleni, wenzake Dada walimuuliza, "Mdogo wako ana nini?"

"Ni taahira," Dada alijibu kifua mbele. "Babu yangu alikuwa tabibu. Ndivyo vitabu vyake vinavyosema."

Alidhani neno la hospitali haliwezi kuwa tusi. Kumbe! Mapumziko hayajaisha, uwanja mzima unaimba, "Taahira, cheka!" Kifungo alicheka nao, akidhani ni mchezo. Walipompokonya kofia na kurushiana, kicheko kilimkatika.

Kesho yake aling'ang'ania mguu wa meza. "Sitaki shule!" Siku zikapita. Mwalimu mkuu akaleta ujumbe: asiporudi Jumatatu, nafasi yake atapewa mtoto mwingine.

Roho ilimuuma Dada, akashindwa hata kula. Mwishowe alimweleza mama yake kila kitu, babu naye akiwapo.

Mama alisimamisha cherehani. "Baba, neno hilo ulilisema siku mwanangu alipozaliwa. Nililia peke yangu. Sikukwambia kwa sababu nakustahi."

Babu aliinamisha kichwa. "Ndivyo tulivyofundishwa chuoni, binti yangu. Madaktari wa leo wameliacha, mimi nikaona uvivu kubadilika. Nisamehe." Akamgeukia Dada. "Kifungo amezaliwa na hali ya Down. Anajifunza polepole, lakini anajifunza."

Shuleni, Dada alikwenda kusimama mbele ya wenzake. "Nililileta mimi neno lile, na nilikosea. Linamuumiza mdogo wangu. Naomba tuliache." Wengine walitazama chini kwa aibu.

Jumatatu, watoto watatu walifika mlangoni. "Kifungo, twende!" Alichungulia, akasitasita, kisha akatoka.

Mama alimshika Dada bega. "Hata kitabu cha daktari hukosea, mwanangu. Neno likimuumiza mtu, liache."

"Na mkubwa akilisema, mkosoe kwa adabu," Babu aliongeza. "Hata nikiwa mimi."