Mshipi Hataki Yai

Sogeeni karibu, msikie yaliyompata Namsifu na nyoka wake.

Namsifu alikuwa na miaka sita. Aliishi Usangi, juu milimani, ambako ukungu huingia mpaka jikoni.

Mama yake alikuwa mwalimu wa sayansi. Shule zilipofungwa, Mama alirudi nyumbani na sanduku la kioo. Ndani ya sanduku mlikuwa na nyoka!

Nyoka huyo aliitwa Mshipi. Alikuwa mwembamba, rangi ya mchanga, na madoa ya kahawia mgongoni.

"Mshipi hana sumu," Mama alisema. "Hana hata meno ya kuuma. Chakula chake ni mayai tu. Lakini nyoka wa porini hatumgusi kamwe. Umesikia, mwanangu?"

"Nimesikia, Mama."

Bibi alisimama mlangoni. Hakuingia.

"Nyoka ni nyoka," alisema Bibi, "hata akivaa tai."

Mama akampa Namsifu kazi. "Wewe ndiye utakayemlisha. Kila Jumamosi, yai moja la kware."

Kware ni ndege mdogo, na yai lake ni dogo, lenye madoadoa. Jirani alifuga kware wengi.

Jumamosi ikafika. Namsifu alikwenda kwa jirani, akaleta yai. Akaliosha bombani, sugu, sugu, sugu, mpaka likang'aa.

Akaliweka ndani ya sanduku, taratibu.

Mshipi akaja. Ulimi wake ukatoka, ukaingia. Ukatoka, ukaingia.

Kisha akageuka, akaenda zake.

"Kula, Mshipi," Namsifu alinong'ona. "Kula kidogo tu."

Mshipi hakula.

Moyo wa Namsifu ukapiga du, du, du.

Jumamosi ya pili, Namsifu alileta yai jingine. Akaliosha, sugu, sugu, sugu. Akaliweka mbele ya Mshipi.

Mshipi akajikunja. Akasugua magamba yake, shrrr! Shrrr! Ndivyo anavyosema, "Niacheni!"

"Kula, Mshipi. Kula kidogo tu."

Mshipi hakula.

Du, du, du, ukapiga moyo wa Namsifu.

Chakula cha jioni kilikuwa makande. Namsifu alikoroga bakuli lake, akakoroga, akakoroga. Na yeye hakula.

Jumamosi ya tatu, Namsifu alichungulia kwenye kioo. Akapiga kelele.

"Mama! Njoo! Mshipi haoni!"

Macho ya Mshipi yalikuwa meupe. Meupe kama maziwa.

Mama alikuja mbio. Akatazama, akapumua.

"Anataka kuvua ngozi," alisema. "Nyoka akikua, ngozi humbana, kama sare yako ya mwaka jana. Leo tusimpe yai. Tumwache apumzike."

"Akishavua, atakula?"

"Nadhani atakula," Mama alisema.

Nadhani! Namsifu hakulipenda neno hilo hata kidogo.

Siku ya gulio, Mama alikwenda kununua maharage. Bibi alikuwa jikoni. Namsifu alikwenda kwenye sanduku peke yake.

Mshipi alilala kando ya jiwe. Alikuwa mweupe. Alikuwa bapa. Hakutikisika.

"Mshipi?"

Hakuja.

Namsifu akafungua kifuniko. Akanyoosha kidole kimoja.

Akamgusa. Alikuwa mkavu kama karatasi!

"Bibi! Bibi wee! Mshipi amekufa!"

Bibi akaja mpaka mlangoni. Akamwona mjukuu wake analia. Akatazama sanduku. Akatazama miguu yake mwenyewe.

"Haya, miguu," alisema Bibi. "Twendeni."

Akaingia hatua moja. Akaingia hatua ya pili. Akachungulia kwa jicho moja tu.

"Usilie, mjukuu wangu. Hilo ni gamba. Nyoka amelivua, amelitupa hapo."

Namsifu akafuta machozi. "Sasa mwenyewe yuko wapi?"

Bibi akatafuta. Alitazama chini ya kiti. Alitazama ndani ya kiatu chake.

Nyuma ya jiwe kitu kikasema shrrr.

Mshipi akatokea! Macho yake meusi, mepesi. Ngozi yake mpya, inameremeta.

"Mama yangu wee!" Bibi alisema, na mara hiyo hiyo alikuwa mlangoni tena.

Namsifu alicheka. Alidhani mambo yamekwisha.

Hayakuwa yamekwisha.

Jumamosi ya nne, Namsifu alileta yai zuri kuliko yote. Akaliosha mara mbili, sugu, sugu, sugu, na tena sugu, sugu, sugu.

Akaliweka. Mama alisimama kando yake. Bibi alisimama mlangoni.

Mshipi akaja upesi. Ulimi ukatoka, ukaingia. Ukatoka, ukaingia.

"Kula, Mshipi," Namsifu alinong'ona. "Tafadhali. Kula kidogo tu."

Mshipi akageuka, akaenda zake.

Sasa alikuwa mwembamba kama kamba ya kiatu. Ngozi yake mpya ilikuwa imelegea.

Namsifu akamtazama Mama. Mama hakusema "nadhani". Alikuwa anauma mdomo wake.

Mama naye anaogopa, Namsifu akawaza.

Du, du, du, du, du!

"Jumatatu tutampeleka kwa daktari wa mifugo," Mama alisema polepole. "Kama atafika Jumatatu."

Namsifu akalitoa yai. Akalishika kwa mikono miwili. Machozi yakalidondokea, to, to.

"Hebu lete hilo yai hapa," alisema Bibi.

Bibi akaligeuza. Akalinusa.

"Mbona linanuka sabuni?"

Mama akageuka. "Sabuni?"

"Ninayaosha, Mama," alisema Namsifu. Sauti yake ilikuwa ndogo sana. "Yana uchafu wa kware. Ninayaosha kwa sabuni, yawe safi kwa Mshipi."

"Yote?"

"Yote."

Namsifu akaficha uso kwenye gauni la Mama. "Mama, mimi ndiye ninayemwua?"

Mama akapiga magoti.

"Hapana, mwanangu. Sikiliza. Mshipi hunusa kwa ulimi. Harufu ya yai ndiyo humwambia, hiki ni chakula. Ukiliosha kwa sabuni, anadhani umempa kipande cha sabuni. Wewe ungekula sabuni?"

Namsifu akatikisa kichwa.

"Na mimi sikukuuliza," Mama alisema. "Kosa hilo ni langu pia."

Walipogeuka, Bibi hakuwepo mlangoni.

Alikuwa anapanda kilima kwenda kwa jirani, haraka haraka, hata kandambili moja ikamvuka. Akarudi na yai kwenye pindo la khanga. Lilikuwa bado vuguvugu. Lilikuwa na unyoya mmoja mdogo.

"Hili halijaona maji," alisema Bibi.

Namsifu akalichukua. Je, Mshipi akilikataa na hili?

Akaliweka.

Mshipi akaja. Ulimi ukatoka, ukaingia. Ukatoka, ukaingia.

Hakuna aliyepumua.

Mshipi akafungua kinywa. Akafungua zaidi. Akafungua zaidi ya kichwa chake chote! Yai likaanza kuingia, pole, pole, pole.

Likaingia lote. Shingo yake ikavimba kama soksi yenye mpira ndani.

Kisha ikasikika sauti, ndogo sana, kutoka shingoni.

Kra!

"Amelivunja!" Namsifu alisema.

Uvimbe ukashuka. Mshipi akapanua kinywa tena. Pwe! Ganda likatoka, limekunjwa vizuri, halina hata tone.

"Hata mimi siwezi kula hivyo," alisema Bibi.

Namsifu akamtazama Bibi. Mama akamtazama Bibi. Bibi alikuwa amesimama karibu na sanduku, pua yake kwenye kioo.

"Mnanitazama nini?" alisema Bibi. "Mwacheni mtoto ale."

Jioni hiyo ukungu uliingia mpaka jikoni, lakini moto ulikuwa mkali. Namsifu alikula makande bakuli moja. Akaongezwa, akamaliza.

Kijiko kilikuwa bado mkononi alipoanza kusinzia. Mama akambeba, akamlaza, akamfunika blanketi.

"Mama," Namsifu alisema, macho yamefumba, "Mshipi anafanya nini?"

Mama akachungulia sandukuni.

"Amejikunja. Tumbo lake limeshiba. Amelala."

"Haya," alisema Namsifu, akalala.