Karatasi ya Papa Mbonigaba

Kila asubuhi kabla ya shule, Uwizeye hupanda kilima cha Karuba akiwa na bidoni ya maziwa mgongoni, akiwapelekea watengeneza jibini. Zamani kazi hiyo ilikuwa ya mama yake, Libérata. Lakini lori la mbao lilikosa breki kwenye kona ya barabara ya Mushaki, likamgonga. Tangu siku hiyo Libérata hutembea kwa magongo, na goti lake la kulia halikunjiki.

Wiki chache baada ya ajali, mwenye lori, mzee aliyeitwa Papa Mbonigaba, alifika kwao akivuta mbuzi. Majirani walijaa uani. Kwao Karuba, mtu akikuletea kitu ukiwa mgonjwa, unapokea. Ukikataa umemtangazia uadui. Libérata akapokea, akashukuru. Ndipo Papa Mbonigaba akatoa karatasi ya Kifaransa.

"Mutoto wako anasoma, si vile?" alisema akicheka. "Aangalie. Ni ya kuonyesha tu kama mbuzi imefika."

Uwizeye alikuwa na miaka kumi na miwili, tena wa kwanza darasani kwa Kifaransa. Wenzake walimwita Madame Kifaransa. Aliishika karatasi, akaona maneno marefu yamebanana kama nyasi. Alitambua jina la mama yake na neno moja tu: mbuzi. Majirani wote walimtazama. Uso ukamwaka moto.

"Iko sawa, mama," akasema. "Njo vile anasema, ni ya mbuzi tu."

Libérata akachovya kidole gumba katika wino, akakiweka kwenye karatasi, nao wakaachiwa nakala.

Miezi ikapita. Daktari wa hospitali ya Kirotshe akasema mguu ule lazima upasuliwe tena, ama Libérata hatautumia maisha yake yote. Papa Mbonigaba alipoombwa msaada, alijibu, "Mambo yetu yalikwisha. Soma karatasi."

Muuguzi mmoja aliwaelekeza kwa Maître Adelaïde, wakili aliyewapokea watu wasio na uwezo kila Jumatano bila malipo. Uwizeye alidhani wakili ni mzee mwenye sauti ya ngurumo. Alimkuta mwanamke kijana, na ukutani joho jeusi limening'inia kimya, kama mtu wa tatu anayesikiliza. Uwizeye hakuthubutu kuuegemea ukuta ule.

Maître Adelaïde alisoma karatasi mara mbili. "Mama, hapa umekubali mbuzi, ukaahidi hutamdai huyu Papa kitu kingine siku zote."

"Miye?" Libérata alishtuka. "Mutoto alisoma! Alisema iko sawa."

Wakili akamgeukia Uwizeye. "Wewe uliielewa?"

Akijibu ndiyo, atabaki Madame Kifaransa, na mama atabaki na mguu wake mbovu.

"Hapana, Maître," alinong'ona, machozi yakimdondoka. "Nilielewa mbuzi tu. Niliona haya."

Libérata alifumba macho.

"Asante," wakili akasema taratibu. "Kama mama aliweka kidole bila kuelewa, na Papa akamwambia ni ya mbuzi tu, karatasi hii inaweza kuanguka. Lakini utayasema hayo mbele ya hakimu?"

Siku ya kesi, Noël, mwanafunzi mwenzake aliyekuja na wazazi wake kusikiliza, alimchokoza mlangoni mwa mahakama. "Madame Kifaransa! Leo utamtafsiria hakimu?"

"Leo nitasema Kiswahili tu," Uwizeye akamjibu.

Hakimu alipoingia, watu wote walisimama kwa pamoja, hata Papa Mbonigaba. Maître Adelaïde, ndani ya joho, alionekana mrefu kuliko mlango. Wakili wa upande wa pili akapaza sauti: "Hata binti yake aliisoma, akasema iko sawa!"

Uwizeye akaitwa.

"Nilidanganya," alisema. "Sikuelewa. Mama aliniamini."

Hakimu aliweka kalamu chini amsikilize. Karani akayaandika maneno yake katika daftari kubwa. Uwizeye alishangaa hadi akasahau kulia: mtoto wa Karuba amesema, na serikali nzima inaandika!

Baada ya wiki kadhaa uamuzi ulisomwa mahakamani. Karatasi haikuwa na nguvu, kwa kuwa Libérata hakujua anachokubali. Papa Mbonigaba, mwenye lori, alitakiwa kugharamia matibabu na kumlipa fidia kwa mguu ulioumizwa.

"Na mbuzi, nirudishe?" Libérata aliuliza. "Imezaa pacha." Ukumbi mzima ukacheka, hakimu naye.

Nje, Uwizeye alisimama mbele ya mama yake, akitazama chini. "Nisamehe, mama."

Libérata aliegemeza gongo moja ukutani ili apate mkono wa kumshika.

"Mbele ya majirani uliogopa kusema hujui, na ilituumiza sisi wote," alisema. "Kutoelewa si kosa, mwanangu, kosa ni kujifanya umeelewa. Hapa mahakamani ulisema kweli mbele ya watu wengi kuliko siku ile. Mguu wangu daktari atautengeneza. Lakini ile haya, umeishinda wewe mwenyewe."