Nywila Iliyoruka Kamba

Kila siku baada ya shule, Kwanini aliingia kwa mlango wa nyuma wa kliniki, akavua viatu vyake vyenye vumbi na kwenda moja kwa moja kwenye chumba cha mama yake mdogo. Jina la Kwanini alipewa nyumbani, kwa sababu ya maswali yake yasiyokwisha. Mama yake alichelewa kurudi kutoka kazini, kwa hiyo mtoto alingojea humo, akifanya kazi za shule kwenye kona ya meza, kati ya feni na dirisha lililotazama uwanja.

Mama mdogo na mwenzake, kijana mrefu waliyemwita Miwani, ndio walioitunza tovuti ya kliniki. Taarifa zake zote zilikaa ndani ya seva, kompyuta isiyo na kioo iliyovuma kama nyuki katika kabati la chumba cha pili.

"Kwa nini haina kioo?" Kwanini aliwahi kuuliza.

"Hakuna anayekaa mbele yake, mwanangu. Sisi tunaingia kutoka kwenye kompyuta hizi. Inatuuliza nywila, tunaiandika, inatufungulia."

Nywila hiyo mama mdogo aliitunga mwenyewe, na aliionea fahari. Ilikuwa ndefu kiasi kwamba hata mashine ya mwizi ingebahatisha miaka na miaka isiipate. Shida ilikuwa moja tu: Miwani alikuwa msahaulifu.

"Dada, baada ya kuku mweupe ni nini vile?" alikuwa akipaza sauti kutoka chumba cha pili.

"Panda ngazi, shuka ngazi, tisa tisa!" mama mdogo alimjibu kwa sauti ile ile, huku macho yake yakiwa kwenye kazi. Mchezo ulikuwa huo kila uchao.

Siku moja Muuguzi Mkuu aliingia na habari. Kuanzia wiki iliyofuata, akina mama wangeweza kusoma kwenye tovuti tarehe za chanjo za watoto wao, na hata majibu ya vipimo.

"Maradhi ya watu si habari za sokoni," alisema. "Kesho nitapita mnieleze mlango wa seva utafungwaje. Nisiporidhika, kazi hii nitawapa wengine. Msinielewe vibaya, nawapenda, lakini wagonjwa kwanza."

Alipotoka, Miwani alijikuna kichwa. "Dada, kuna ile njia ya funguo."

"Funguo gani?" Kwanini aliacha hesabu zake.

Mama mdogo alichukua kufuli la kabati, likiwa wazi, akamwekea mkononi. "Tuseme kufuli hili ni langu. Naweza kumpa yeyote, hata mwizi. Atalifanyia nini? Ufunguo ninao mimi. Basi seva ninaiachia kufuli langu tu. Nikitaka kuingia, inanifungia fumbo kwa kufuli hilo. Nikilifungua, inajua ni mimi."

"Kwa hiyo ufunguo huipi seva?"

"Hata siku moja. Hautoki kwenye kompyuta yangu, na hapo nao unalindwa kwa neno langu mwenyewe. Miwani naye ana wake. Kompyuta yake ikiibwa, tunaondoa kufuli lake, langu linabaki."

"Sasa kwa nini hamtumii?"

Mama mdogo alishusha pumzi. "Kuna kazi ya kutengeneza na kujaribu, na muda hatuna. Nywila yetu ni ndefu, nani atabahatisha? Tubaki nayo."

Kesho yake Kwanini alikuwa uwanjani akizungusha kamba. Rafiki yake waliyemwita Tarumbeta, maana alipoimba hata mtaa wa pili walisikia, alikuwa akiruka.

"Kuku mweupe! Panda ngazi! Shuka ngazi! Tisa tisa!"

Kamba ilimponyoka Kwanini mkononi. Wimbo ule aliuanzisha yeye. Ulimjia tu siku moja, maneno yake yaliruka vizuri kuliko wimbo wowote, wala hakuwahi kujiuliza ameyaokota wapi. Yeye, mwenye swali kwa kila kitu, hilo hakuliuliza!

"Tubadilishe wimbo," alisema, akiiokota kamba.

"Tubadilishe? Wimbo mtamu hivi?" Tarumbeta alicheka. "Binamu zangu wameubeba mpaka shuleni kwao!"

Kupitia dirishani, Kwanini alimwona Muuguzi Mkuu akivuta kiti. Angeweza kunyamaza. Mama mdogo angesifiwa, kazi ingebaki, na hakuna ambaye angejua. Lakini aliwafikiria akina mama waliopanga foleni kila asubuhi na watoto mgongoni. Aliingia ndani mbio, bila hata kuvua viatu.

"Mama mdogo, nisamehe. Nywila iko uwanjani, inaruka kamba."

"Unasema nini wewe?"

Hakuhitaji kueleza. Tarumbeta alikuwa ameanza upya, na sauti yake ilijaa chumbani. Miwani alijifunika uso kwa mikono. Mama mdogo alisimama kama aliyemwagiwa maji baridi.

"Mimi ndiye niliyewafundisha," Kwanini alisema, machozi yakimtoka.

Muuguzi Mkuu aligeuka taratibu. "Nani mwingine ameshaingia?"

Mama mdogo alikagua kumbukumbu za seva, zinazoonyesha kila kompyuta iliyoingia. Alizipitia mara mbili. "Hakuna mgeni. Ni sisi wawili tu." Kisha akainamisha kichwa. "Mama, kosa si la mtoto. Tuliyapigia maneno haya kelele kama wauza nyanya, kisha nikachagua njia rahisi. Leo hii tunaweka funguo."

"Nitangojea hapa hapa," Muuguzi Mkuu alijibu.

Kazi iliwachukua alasiri nzima. Kila mmoja alitengeneza ufunguo wake, akaiachia seva kufuli lake, kisha wakaizuia seva isipokee nywila tena. Mwisho mama mdogo alimwita Kwanini kwenye meza ya mapokezi. "Ingia kwa kompyuta hii, haina ufunguo wowote. Andika wimbo wako."

Kwanini aliandika, kuku, ngazi na tisa zake zote. Alibonyeza.

"Imekataa!" alipiga makofi. "Jamani, imekataa!"

Kwa mara ya kwanza siku ile, Muuguzi Mkuu alicheka. "Kazi ni yenu," aliwaambia. Kisha akamvuta Kwanini karibu. "Sikiliza, mjukuu wangu. Siri inayotajwa kila siku si siri tena, hata iwe ndefu namna gani. Na kosa ni kama kidonda: ukilionyesha mapema linatibika, ukilificha linaoza. Leo umetuonyesha."

Kwanini alitabasamu. "Sasa naweza kuuimba?"

"Imba mpaka uchoke," alisema mama mdogo. "Ila ukimaliza, rudi ufute sakafu. Viatu vyako vimeacha alama mpaka kwenye kabati."