Machungwa Yaliyohesabiwa Kabla ya Kuchumwa

Mume na mke walikuwa wakipalilia shamba lao la michungwa mia nne. Mume, majirani walimwita Mzee Mizani. Kila mwaka alipita kati ya miti mara moja tu, mikono nyuma, kisha akataja idadi ya makreti watakayovuna.

Mwaka uliopita alitaja mia sita. Yakapatikana mia nne. Lori la pili la kiwanda cha juisi likarudi tupu. Meneja wa kiwanda alikasirika.

"Mwaka huu nipeni idadi mwezi mmoja kabla ya mavuno," alisema. "Mkikosea tena, nafasi yenu nampa mkulima mwingine."

Sasa mwezi huo ulikuwa umefika.

"Mia tano na hamsini," alisema Mzee Mizani, ameegemea jembe.

"Umehesabu lini, Baba Watoto?" mkewe aliuliza.

"Macho yangu yanatosha."

"Mwaka jana yalitosha?"

Mzee akalima kwa nguvu kuliko ilivyohitajika.

Siku ya pili mke alimwita bibi shamba, mtaalamu wa kilimo wa eneo lao. Alikuja na viatu vya mpira na simu yenye kioo kipana.

"Shikamooni."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

Bibi shamba aliwaonyesha picha. "Hili ni shamba lenu. Limepigwa picha na setilaiti, chombo kinachozunguka dunia huko juu angani. Kinapita hapa kila baada ya siku chache."

Mzee akashtuka. "Kwa hiyo kinaniona nikisinzia kivulini?"

"Hapana, mzee. Kila kitone cha picha hii ni mita kumi kwa kumi. Usingizi wako uko salama."

Mke alicheka hadi akashika mbavu. Kisha akauliza, "Na machungwa, kinayaona?"

"Hakiyaoni. Kinaona majani. Hapa pana kijani kilichokolea. Miti ina nguvu. Hapa ni kijani cha kawaida. Na hapa chini pamepauka."

"Kwa nini pamepauka?"

"Picha haisemi sababu. Twende tukaone kwa miguu."

Walishuka bondeni. Mfereji ulikuwa umeziba, na maji yalisimama kwenye mizizi. Majani yalikuwa ya njano. Mzee alitikisa kichwa. "Huku mimi sifiki. Naangalia miti ya karibu na nyumba tu."

"Ndiyo maana hesabu ilikataa," alisema mkewe, kwa upole.

Bibi shamba akawafundisha. Katika kila sehemu walichagua miti minne bila kupendelea mizuri. Walihesabu matunda ya kila mti, tawi kwa tawi. Mke aliandika. Kwenye kijani kilichokolea, kila mti ulikuwa na matunda kama mia moja na hamsini. Kwenye kijani cha kawaida, mia moja. Bondeni, arobaini.

"Sasa zidisha kwa idadi ya miti ya kila sehemu, kisha jumlisha," alisema bibi shamba.

Mke alipiga hesabu mara mbili: miti mia mbili na ishirini ya kijani kilichokolea, mia moja na ishirini ya kawaida, na sitini ya bondeni. "Matunda elfu arobaini na saba na mia nne. Kreti moja linabeba mia. Ni makreti mia nne sabini na manne."

"Mengine yataanguka. Punguza kidogo."

"Mia nne na hamsini," alisema mke. Alimtazama mumewe.

Mzee alivuta pumzi. "Peleka hiyo."

Wiki ile ile walizibua mfereji, ili miti ya bondeni ipone.

Mavuno yalipoisha, malori yalipanga foleni kiwandani. Karani alihesabu makreti yao, akarudia tena. Yalikuwa mia nne arobaini na matatu. Hakuna lori lililorudi tupu.

Meneja alitoka ofisini. "Mwaka huu hakuna aliyekaribia hesabu yake kama ninyi. Nani alikadiria?"

Wakulima wote walimgeukia Mzee Mizani. Yeye akasogea pembeni, kifua mbele.

"Mke wangu," alisema kwa sauti iliyofika getini. "Na anajua kueleza. Muulizeni."

Wakulima wakamzunguka yule mama. Akafungua daftari lake juu ya kreti, akarekebisha kitambaa chake kichwani.

"Sogeeni," alisema. "Tunaanza na majani."