Kadi ya Sanduku la Sita

Asubuhi ile banda la nyoka la Mkuyuni lilinuka wali ulioiva, na hapakuwa na jiko karibu. Kemilembe alidhani mama lishe amehamia jirani.

Yeye ndiye aliyewaandikia wanafunzi kadi za kwenye masanduku ya vioo: jina, makazi, kazi. Chatu, matete ya ziwani, hupunguza panya buku. Kifutu, majani makavu, hulinda mahindi dhidi ya panya. Sanduku la sita lilikuwa tupu, naye hapendi pengo, kwa hiyo jana alilibandikia kadi ya utani: Mgeni. Makazi: hana. Kazi: hana.

"Ungejua kulea ningekuajiri," aliliambia, akacheka. Dada yake wa kazi alikuwa amerudi kwao Sengerema, na Nice, bintiye wa miaka minne, alishinda kwa jirani, nyumbani Igogo. Mzaha mzaha, hutunga usaha.

Leo kadi ilisomeka: Makazi: Igogo. Kazi: kulea. Mwandiko ni wake mwenyewe, na wino ulikuwa mbichi.

"Shikamoo, mzee Masele. Nani kagusa kadi yangu?"

"Marahaba." Masele, mlisha nyoka, alikuwa wa chama cha Wayeye, wacheza na nyoka wa Kisukuma. Aliisoma, akashusha sauti. "Mama, uliongea na sanduku tupu?"

"Nilitania tu."

"Sisi tunatania wenye meno, siyo asiye na mwili. Nyoka akiwa na pake na kazi yake, anatulia. Huyu anayenuka wali hakuwa na kitu, wewe umemwajiri. Kamfukuze kwa kinywa hichohicho, kabla mtoto hajampokea."

Kemilembe alitoka mbio, akarukia bodaboda, na njia nzima hadi Igogo ile harufu ya wali ilimfuata, ikawa nzito kila kona, mpaka akaogopa kuvuta pumzi, akaogopa hata kulitaja jina la mwanawe.

Jirani yake Selina alikuwa akianika dagaa. "Nice yuko wapi?" Kemilembe aliuliza.

"Si umemtuma dada mpya? Kajitanda kitenge mwili mzima, salamu haitikii. Ila Nice kamkimbilia mwenyewe, wameingia kwako."

Kemilembe alisukuma mlango wake. Ndani kulinuka wali, na jiko lilikuwa la baridi.

"Nimekufukuza kazi!" alipiga kelele. "Toka kwangu!"

Chumbani kitu kizito kilijivuta sakafuni, kikatulia. Kisha Nice akanong'ona, sauti imebanwa kidogo.

"Mama, usimgombeze. Dada hana mikono, lakini anajua kukumbatia."